Sukari kilo mbili za Koplo

Kila Desemba ikikaribia, Watanzania wenzetu hututania kwamba Wachagga tunarudi Moshi kuhesabiwa. Utani huo sina ugomvi nao. Mimi nakwenda kuhesabiwa kutoka mbali kuliko wengi: Minneapolis mpaka Amsterdam, Amsterdam mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, halafu barabara ya Uru usiku, mvua imeifanya utelezi, mpaka getini kwa mama. Huu ni mwaka wangu wa 14 Marekani. Nimerudi mara sita, na mume wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na haoni sababu ya haraka yoyote duniani, anasema safari zangu zina utaratibu kama misa.

Hakosei. Zawadi za wazee sinunui Marekani hata siku moja. Manukato na fulana ni za wadogo zangu na watoto wao. Za wazee nazinunua sokoni Mbuyuni, siku ya pili baada ya kutua, kope bado nzito kwa usingizi wa ndege: sukari kilo mbili kila nyumba, majani ya chai, sabuni ya mche. Nikitoka hapo nakwenda kwa baba, maana yake kaburini, mgombani, nang'oa majani hata kama dada yangu ameshayang'oa jana yake. Halafu nyumba ya kwanza kuingia si ya mjomba, na mjomba hulisema hilo kila mara. Ni ya rafiki yangu tuliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza hadi la saba.

Yeye hakuondoka Uru isipokuwa miaka michache ya ndoa, na hiyo si habari ya hapa. Anauza ndizi. Anaishi kwa baba yake, mzee ambaye kijiji kizima humwita Koplo. Nilikuwa darasa la nne nilipogundua kwamba Koplo si jina la ubatizo.

Miaka yote hiyo salamu zetu zilikuwa zile zile. Shikamoo Koplo. Marahaba mwanangu, wazima huko kwa Wazungu? Wazima, nimekuletea sukari. Mungu akuzidishie. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inatoka ndani, rafiki yangu anaionja kwanza kama desturi inavyotaka, ndipo ananipa. Tunaongea bei ya kahawa, nani kafariki, nani kauza kihamba, shamba la ukoo, na hilo la kihamba huongelewa kwa sauti ya chini. Naondoka roho yangu imetulia kwamba mzee nimemheshimu.

Nilikuwa nimemsalimia tu. Nimechukua miaka 13 kuona tofauti, na aliyenionyesha ni Mmarekani.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Kila mlango una karatasi yenye jina la mzee, na waliopita jeshini wamebandikiwa kibendera juu ya jina. Tarehe 11 Novemba, siku yao ya kuwaenzi askari wastaafu, watoto wa shule huja kuwaimbia kwenye ukumbi wa chakula. Mikahawa mingi siku hiyo huwalisha bure. Ukienda madukani utakuta nafasi za kuegesha magari zilizotengwa kwa ajili yao karibu na mlango, na uwanja wa ndege askari aliye kazini huitwa apande mapema. Halafu kuna ile sentensi yao, asante kwa utumishi wako. Niliijua mwaka wa kwanza, kabla sijajua kuendesha gari kwenye theluji. Nimewaambia watu nisiowajua, tena tukiwa kwenye foleni ya kulipia maziwa.

Wabongo wenzangu wakifika hapo ndipo huanza kuiponda nyumbani. Tukikutana kuchoma nyama lazima atokee mmoja wa kusema wenzetu wanajua kuthamini watu wao, sisi hovyo. Mimi humwambia aje zamu yangu. Aje saa mbili usiku, watoto wa shule wameshaondoka na mabasi yao. Mzee aliyepigiwa makofi mchana amelala anatazama televisheni isiyo na sauti, na kwenye daftari la wageni pale mapokezi hakuna aliyeandika namba ya chumba chake tangu Pasaka. Akitoka hapo apitie kwenye taa za barabarani karibu na kwangu. Kuna mwanaume wa makamo husimama pale na kipande cha boksi, ameandika kwamba alikuwa askari na hana pa kulala. Magari yenye stika za kuliunga mkono jeshi humpita vioo vikiwa vimepandishwa. Na langu limempita. Baridi ilikuwa kali.

Basi sikuwa mtu wa kudanganywa na kibendera. Lakini mzee mmoja wa chumba cha mwisho akaniweka mahali pangu.

Alipigana Vietnam akiwa kijana. Usiku hakuwa akilala, na mimi kazi yangu ni usiku, tukawa marafiki wa saa tisa. Alinifundisha karata za kwao, akanila kila siku. Novemba mwaka jana, siku chache baada ya hizo sherehe zao, akaniuliza kama kwetu tuliwahi kuwa na vita. Nikajitapa. Nikampa habari za Nduli Amini kuvamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na kutangaza kwamba ardhi yetu yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake, Mwalimu kusema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na Kampala kuanguka Aprili 11, 1979, Amini mbio. Tarehe zote ninazo, za darasani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza katika waliokwenda namjua nani.

Nikasema baba wa rafiki yangu.

"Alikuwa anafanya kazi gani huko?"

Sijui.

"Vita vilipoisha alikuwa wapi?"

Sijui.

Hakunicheka. Akagawa karata nyingine. Wiki ya kusafiri alinipa kofia yake, ile ya mabakamabaka ya jeshi, ukingo umelika, akasema nimpelekee mwenzake.

Hiyo kofia ilikuwa nusura initie matatani. Minnesota mabakamabaka huvaliwa na wawinda swala, na kina mama wenye kitambi kama mimi, na watoto wachanga. Nyumbani raia haruhusiwi kuvaa chochote kinachofanana na sare za jeshi, na JWTZ hutoa onyo kila baada ya muda. Mpwa wangu aliyekuja kunipokea KIA aliiona nilipofungua begi kutafuta chaja. "Shangazi, unataka turushwe kichura hapa hapa njia panda?" Kofia ikafika Uru chini ya sukari, ndani ya kikapu, kama bangi.

Koplo alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilishatoka na Kibo iko wazi, nyeupe, kama imepigwa chokaa. Nikatoa kofia, nikaeleza imetoka kwa nani. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaishika kwa ukingo, akaigeuza ndani, akainusa.

"Huyu anatoka jasho sana kichwani," akasema.

Akamwita mjukuu akaiweke sandukuni, chini kabisa, na asitoke nayo nje. Mimi nikaona nikikaa kimya sasa hivi tutarudi kwenye bei ya kahawa. Nikauliza: Koplo, kule vitani ulikuwa unafanya kazi gani?

"Nilikuwa napika."

Rafiki yangu alikuwa anakuja na mbege. Akasimama mlangoni na ile kata mkononi. Ameishi na huyu mzee karibu maisha yake yote. Shuleni tulikuwa tunawaambia wenzetu kwamba baba yake alimkosakosa Amini kwa risasi moja, na tuliokuwa tunalieneza hilo ni mimi na yeye.

Alikwenda akiwa na miaka 21. Walipanda meli Mwanza kuvuka ziwa, na walipoteremka Bukoba alfajiri kitu cha kwanza alichokiona ni migomba. Migomba kila upande, kahawa katikati yake, nyumba zimejificha humo ndani. Akamwambia mwenzake, kijana wa Rombo, "Meku, wametuzungusha tu, hapa ni Uru." Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini. Wote wawili wakawekwa jikoni. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya jeshi letu ilikwenda kwa miguu, jiko nalo lilikwenda kwa miguu: sufuria mgongoni, kuni mbichi, mvua. Alitueleza namna ya kuwasha moto usioonekana usiku. Unachimba shimo la moto, unachimba lingine dogo pembeni linaloingiza hewa kwa chini, unafunika kwa magome ya mgomba. Alilichora kwa kidole kwenye maharage, shimo na shimo, na kijia kati yake, akatazama kama tumeelewa.

Risasi hakuzisema sana. Alisema saba saba, ile mizinga ya roketi, walijua ni ya kwetu na bado ikilia wapishi waliangusha miiko. Yule wa Rombo alifia mbele ya Masaka. Alikuwa amekwenda kuchota maji. Hapo mzee alirudi kwenye maharage yake, akatoa mawe kama matano, akayapanga kwenye ukingo wa baraza.

Binti yake akamuuliza kwa nini hajawahi kusema. Akamtazama kama vile swali ni la kitoto.

"Mpishi anasimulia vita gani?"

Nimelifikiria jibu hilo tangu Desemba. Nilidhani wazee wamenyamaza kwa uchungu, na wapo walionyamaza kwa uchungu. Huyu alinyamaza kwa sababu tulishamtungia vita yake, yenye risasi na Amini, na ya kwake ya sufuria ikakosa pa kuingilia. Kila Mchagga aliyekaa darasani anaweza kukutajia Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha Mwenge pale juu Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Tunauona huo mlima kila siku tukifungua dirisha. Mzee wa ng'ambo ya mfereji hatujui alikuwa anabeba nini mgongoni. Si tabia ya leo, kwa kweli. Moshi mjini kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na waliozikwa humo wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani wamechongewa majina yao. Wapagazi wa Kiafrika wa vita hiyo hiyo, waliobeba chakula na risasi kwa maelfu, jina lililobaki mdomoni mwetu ni la kikosi chao cha wabebaji, Carrier Corps kwa Kiingereza, na hilo tumeligeuza soko: Kariakoo.

Kwetu kumhoji mzee ni utovu wa adabu. Unamsalimia, unampa sukari, unangoja aseme mwenyewe. Adabu hiyo imenilea na siitukani. Ila imegeuka kichaka tunachojifichia, hasa sisi tunaokuja wiki tatu na tuna nyumba 20 za kuingia. Salamu haichukui muda. Swali linachukua, maana ukiuliza lazima ukae, na mbege itaongezwa, na kwa mjomba utafika usiku.

Alipomaliza maharage akasimama, akasema twende. Tukashuka naye kihambani, yeye mbele na fimbo. Mpakani kuna safu ya masale kama ilivyo kwa kila mtu. Kwa wasio wa kwetu: sale ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda mipakani na makaburini, na ukimkosea mtu ukampelekea jani lake hawezi kukunyima msamaha. Ndani ya migomba, mbali na mpaka, lipo sale moja peke yake. Nalijua vizuri. Ndilo tulilokuwa tunatundikia sweta za shule tukicheza. Koplo alisema aliporudi kutoka Uganda alipitia Rombo kwa mama wa yule kijana. Mama hakuwa na mwili wa kuzika, kijana amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa kule Muleba. Akamkatia Koplo tawi la sale la mpakani kwake. Ndilo hili.

Kaboya kwenyewe hajawahi kufika.

Tukiwa tunapanda kurudi akanishika bega, nikadhani ni kwa ajili ya kilima. "Sasa nikuambie," akasema. "Niliporudi, Mwalimu alikuwa ametuambia tufunge mikanda miezi 18. Sukari hakuna. Miezi 18 ikapita, sukari hakuna. Mimi nimepikia jeshi zima chai ya sukari, nyumbani nakunywa chai ya chumvi. Hii sukari yako wewe naipenda sana."

Nilirudi Minnesota Januari, na usiku wa kwanza kazini nikaenda chumba cha mwisho na picha kwenye simu. Niliogopa kidogo kumwambia kwamba kofia yake imekwenda kwa mpishi. Yule mzee alicheka kwa sauti mpaka nikafunga mlango. Akasema kwenye kikosi chao jina moja tu limebaki kichwani mwake lote, la kwanza na la ukoo, na ni la mpishi.

Alifariki Aprili, alfajiri, zamu yangu. Kazini kwetu askari wa zamani akifariki hatolewi mlango wa nyuma. Anafunikwa bendera, anapitishwa ukumbini mpaka mlango mkubwa, na wafanyakazi wote waliopo wanajipanga kwenye kuta, mkono kifuani. Usiku ule tulikuwa wanne, na mpishi wa asubuhi aliyewahi kuingia akiwa bado na koti la baridi. Magurudumu ya kitanda yalikuwa yanalia kidogo, moja lilitaka mafuta tangu wiki iliyopita. Sijawahi kuona heshima nzuri namna hiyo ikitolewa na watu wachache namna hiyo. Mwanaye alikuja siku ya pili kutoka jimbo lingine, mtu mpole, akauliza fomu zinasainiwa wapi. Akaniuliza pia kama baba yake alikuwa na kofia ya jeshi, anaikumbuka tangu utotoni. Nikamwambia iko Kilimanjaro, ndani ya sanduku la koplo mmoja. Alikaa kimya kidogo, halafu akaomba kuona picha.

Kwa hiyo nikiulizwa wapi wanawajali zaidi, sina jibu la kumfurahisha mtu wa kuchoma nyama. Mimi nizeeke Uru, nichambue maharage barazani na wajukuu wakinipita. Hilo nimeshaliamua. Lakini ule msururu wa watu wanne ukutani, mkono kifuani, nitautaka, na huo Uru bado hatuna. Koplo akiondoka leo kijiji kitajaa, tutapika, tutazika, na kwenye wasifu wake itasomwa sentensi moja: marehemu alishiriki Vita vya Kagera.

Julai 25 nilitazama sherehe za Mashujaa kwenye simu wakati wa mapumziko. Rais akaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana akaweka shoka. Napenda sana lile shoka. Kila mwaka namtazama anayeliweka, anavyoinama taratibu, na ninajiuliza binti yake anajua nini.

Desemba hii taratibu zangu za safari zinabadilika. Mwaka huu tulipanga kwenda Zanzibar na mume wangu, tumeahirisha, na kwa mtu wa Tanga bahari haikuwa habari kubwa. Tunampeleka Koplo Kaboya. Arusha, Babati, Singida, Shinyanga, Mwanza, halafu ziwa tunalivukia kwenye daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ile foleni ya kivuko imekuwa hadithi. Rafiki yangu anakuja, ndizi atamwachia mdogo wake. Mjomba amenuna. Koplo mwenyewe ametoa masharti mawili: tusisafiri usiku, na sukari yake nimwachie kabla ya kuondoka, asije akarudi akakuta hakuna.

Jumapili nilipiga simu. Rafiki yangu anasema mzee ameshakata tawi kwenye lile sale la mgombani, amelitia kwenye kopo la rangi, na kopo liko barazani. Kila asubuhi analimwagia maji aliyonawia uso.